Tupeane uzoefu: gari limebadilishiwa kila kitu na bado linachemsha

Spana Kumi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu ubaki kwenye ugonjwa mmoja tu: gari linachemsha, linatengenezwa, linakaa siku tatu, linachemsha tena. Likifika hatua hiyo huwa limeshafungwa rejeta mpya, themostati mpya (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto), pampu ya maji mpya, na pengine hedi (kichwa cha injini) imeshafunguliwa. Mwenye gari amechoka na fundi ameishiwa la kusema, na ukiuliza ni kipimo gani kilifanyika kabla ya kununua hivyo vifaa, hakuna. Kwa hiyo anayechangia aweke kipimo, na namba kama anayo.

Mimi naanza na swali la kumuuliza mwenye gari kabla hata boneti haijafunguliwa: linachemsha wakati gani?

Linachemsha kwenye foleni na kupoa ukishika mwendo: kinachokosekana ni upepo. Angalia feni, relei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), kava la plastiki linaloizunguka, na uchafu ulioganda mbele ya rejeta.

Kwenye foleni liko salama, ila likipanda mlima au likifika kilomita 100 kwa saa joto linapanda: tafuta kwenye mzunguko wa maji. Rejeta imeziba ndani, pampu haisukumi, hozi ya chini inajibana, au moto wa silinda unapenya kwenye gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku, yaani kiwiliwili cha injini).

Linachemsha ndani ya dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi: usihangaike na feni. Ni themostati iliyoganda ikiwa imefunga, hewa iliyokwama, maji pungufu, au gasketi.

Linachemsha kiyoyozi kikiwashwa tu: kondensa (kipozeo cha kiyoyozi kilicho mbele ya rejeta) inaimwagia rejeta joto la ziada, na rejeta au feni ilikuwa tayari ukingoni.

Geji na Waya

Mkuu umeanza vizuri, ila kabla ya hayo thibitisha kama kweli linachemsha. Mshale wa dashibodi kwenye magari mengi ya kisasa hauonyeshi kila nyuzi. Umepangwa utulie katikati kuanzia takriban nyuzi 80 hadi zaidi ya 100, ili dereva asihangaike. Maana yake ukiuona unaanza kutoka katikati, joto limeshaenda mbali. Chomeka skana usome joto la maji kwa namba, kisha linganisha na bunduki ya kupimia joto uliyoielekeza kwenye nyumba ya themostati. Aluminiamu inayong'aa huidanganya bunduki ikasoma chini, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi pale unapopimia.

Skana ikisema 110 na bunduki ikisema 90, shuku sensa au waya wake. Maji hayawezi kupanda nyuzi 20 kwa sekunde moja. Ukiwasha taa kubwa na mshale ukaruka papo hapo, hiyo ni ethi (waya wa kurudishia umeme kwenye bodi) mbovu.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo watu hawaijui: maji yakishuka chini ya sensa, sensa inabaki hewani na inaweza kusoma joto dogo wakati hedi inaungua. Ukiona namba imeshuka ghafla, hita inatoa ubaridi na injini imepoteza nguvu, zima hapo hapo.

Upepo Mbele

Upande wa feni. Kuizungusha kwa waya wa betri ukasema "feni nzima" hakutoshi. Mambo manne:

Inaanza kwa wakati wake? Nyingi huwaka maji yakiwa kati ya nyuzi 93 na 98. Ukiwasha kiyoyozi nayo inatakiwa kuzunguka. Ikizunguka kwa kiyoyozi na isizunguke kwa joto, mota ni nzima. Fuata swichi ya joto, sensa au relei.

Spidi zote zipo? Kwenye zenye spidi mbili, rezista ikiungua spidi ndogo inapotea na feni inasubiri joto lipande sana ndipo iwake.

Inavuta upande gani? Waya zikigeuzwa, feni iliyo nyuma ya rejeta inasukuma hewa mbele na kupigana na upepo wa barabara. Weka karatasi mbele ya grili feni ikizunguka: inatakiwa inaswe. Ikipeperuka, geuza waya.

Kava lipo? Mafundi wengi hulitupa likivunjika. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni, na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu.

Kwa feni ya kuviringishwa na injini yenye klachi ya mafuta ya silikoni: zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Lazima iwe nzito. Ikizunguka kwa wepesi kama panga la dari, au ukiona mafuta yametambaa kutoka katikati, klachi imekwisha.

Na mtenganishe kondensa na rejeta! Uchafu unaochemsha gari haukai mbele unapoonekana, unakaa katikati yao: vumbi, wadudu, manyoya ya majani, vyote vimeshonana kama blanketi. Osha kwa maji ya nguvu ndogo ukitokea upande wa injini kwenda nje, la sivyo unaushindilia ndani na kulaza mapezi.

Kifuniko

Naongeza kifaa kidogo kinachosahaulika kuliko vyote. Kifuniko cha rejeta kina namba ya mgandamizo kinaoushikilia: ba 0.9 au 1.1 ndizo za kawaida, sawa na PSI 13 au 16 hivi. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini chini ya kifuniko cha 0.9 yanasubiri hadi karibu 118. Ukichanganya na kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) nusu kwa nusu yanavuka 120. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, faida yote hiyo inapotea: maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba na kumwagika, na gari linahukumiwa kuwa limekufa gasketi.

Kifuniko kina vali ya pili, ndogo, ya kurudisha maji injini ikipoa. Ikiganda, utakuta asubuhi hozi ya juu imenywea bapa, rejeta imepungua na chupa imejaa. Usiweke namba kubwa kuliko ya mtengenezaji ukidhani unaisaidia injini. Utapasua matangi ya plastiki ya rejeta na kiini cha hita.

Maji ya Moto

Themostati: msiitoe wakuu. Kuna fundi akikosa ugonjwa anaitoa "maji yapite kwa uhuru". Kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili kwa chini. Injini ikipata moto, sahani hiyo inaziba njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia fupi inabaki wazi siku zote, na maji yanapita pale penye wepesi. Matokeo yake gari linachelewa kupata moto asubuhi, halafu likipewa mzigo linachemsha. Fundi anashangaa kwa sababu alitegemea kinyume.

Kipimo: ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto. Kama imeandikwa 82, ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na kufikia 95 iwe imefunguka vizuri, milimita 8 au zaidi. Pima hata mpya kabla ya kuifunga. Ikiwa na kitobo chenye kipini kinachochezacheza, kipini hicho kikae juu ili hewa itoke.

Fundi Mlimani

@Maji ya Moto nakubaliana nawe, ila zipo injini za zamani zisizo na sahani ya pili, na hizo zikitolewa themostati hazichemshi. Ndiyo maana ushauri huo mbaya unaishi: umefanya kazi kwenye gari moja. Hata hizo zinaharibika kwa njia nyingine, kwa kuwa injini inayokimbia baridi inatumia mafuta mengi na oili inachafuka mapema.

Sasa rejeta, pampu na hozi. Gari likiwa la moto, pima hozi ya juu na ya chini. Juu 95 na chini 92: maji yanapita ila hayapozwi, rudi kwa Upepo Mbele. Juu 100 na chini 45: maji hayapiti, na hapo ni themostati, rejeta iliyoziba au pampu. Tofauti ya nyuzi 10 hivi hadi 15 ni ya afya. Kisha pitisha bunduki juu ya uso wa rejeta kutoka tangi la kuingilia hadi la kutokea; joto linatakiwa lipungue polepole. Ukikuta eneo la baridi lililokatika ghafla, mirija ya hapo imekufa. Kuimwagia mpira wa maji ukaona yanatoka chini hakuthibitishi kitu, maana nusu ya mirija ikiziba maji ya bomba bado yatatoka.

Dawa za kuziba uvujaji ndizo zinazoua rejeta mpya ndani ya wiki. Zinabaki kwenye bloku na kiini cha hita, zinamenyeka, zinaingia kwenye mirija myembamba. Ukibadili rejeta bila kusafisha bloku hadi maji yatoke meupe, umehamishia uchafu kwenye chombo kipya.

Hozi ya chini iko upande wa kunyonya. Mwenzako apandishe mizunguko ya injini hadi 3,000 kwa dakika ikiwa ya moto, wewe iangalie. Ikinywea, badilisha. Nyingine zina springi ndani. Ikiliwa na kutu, hozi inajibana mwendoni tu, na gari likisimama kila kitu kinaonekana kizima.

Pampu: kutovuja hakumaanishi inasukuma. Mapanga ya plastiki hupasuka na kuteleza kwenye shafti, ya chuma huliwa yakabaki vibutu. Hata pampu mpya iweke sambamba na ya zamani: kina cha mapanga, mwelekeo wake, kimo chake. Panga likikaa mbali na nyumba yake kwa sababu ya gasketi nene au pampu isiyo ya injini hiyo, maji yanakorogwa tu.

Mzee wa Hedi

Tufike nyumbani kwangu. Dalili za gasketi ya hedi kabla ya kufungua kitu: injini baridi kabisa, maji yamejaa, kifuniko kimefungwa, washa. Hozi ya juu ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, huo si mvuke. Ni upepo wa silinda. Thibitisha kwa kimiminika cha bluu cha kupimia gesi juu ya mdomo wa rejeta: kikigeuka njano kwenye petroli, au kijani kwenye dizeli, gesi ipo. Usikiruhusu kinyonye maji, kitaharibika.

Kutoona maziwa kwenye oili (rangi ya oili iliyochanganyika na maji) si ushahidi kwamba gasketi ni nzima. Gasketi ikitoboka kati ya silinda na njia ya maji pekee, oili inabaki safi. Toa plagi zote uzipange. Iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, ndiyo ya silinda inayomeza maji.

Sasa kwa nini hedi inafungwa upya na ugonjwa unarudi? Kwanza, hedi inachongwa na bloku haipimwi. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, upana na kona kwa kona, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za hedi ya aluminiamu kikomo ni karibu milimita 0.05, tafuta namba ya injini yako. Pili, ufa kati ya vali, hauonekani kwa macho. Hedi izibwe njia zake, itiwe upepo na kuzamishwa kwenye maji ya moto, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka kwa joto tu. Tatu, bolti. Zile zinazokazwa kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukaza) kisha kwa nyuzi za mzunguko zinavutika; ukizirudia hazibani tena inavyotakiwa. Nne, matundu ya bolti yakiwa na maji au oili, bolti inagota kwenye kimiminika, toki renchi inalia mapema, na bloku inaweza kupasuka. Kausha kila tundu. Tano, gasketi kufungwa kinyume ikaziba matundu ya maji. Ilinganishe na bloku tundu kwa tundu.

Na lililochemsha mara ya kwanza litafutwe. Hedi haipindi bila sababu.

Moshi Mweusi

Nje ya mfumo wa maji msisahau: katalisti (chombo cha kusafisha moshi kwenye eksozi) iliyoziba inafungia joto kwenye hedi. Fungua sensa ya oksijeni ya kwanza, funga geji. Kwa mizunguko 2,500 ikizidi PSI 3, eksozi haipumui. Taimingi (wakati wa kuwasha mafuta kwenye silinda) iliyochelewa nayo inapeleka moto kwenye eksozi na kuta za silinda. Breki inayong'ang'ania ni mzigo wa mlima kwenye tambarare. Na kwa giaboksi otomatiki ambayo oili yake inapozwa ndani ya rejeta, gia inayoteleza inamwaga joto lake humo humo.

Spana Kumi

Shukrani wadau. Nabakiza kutoa hewa, maana kazi nzuri nyingi zinaharibikia hapa.

Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, fungua skrubu za kutolea hewa kama zipo. Jaza taratibu kulanti na maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu. Kulanti tupu isiyochanganywa inabeba joto kidogo kuliko mchanganyiko. Maji ya bomba matupu yanaacha magadi kwenye njia za bloku. Washa kifuniko kikiwa wazi, minya hozi kwa mkono, ongeza maji kadiri mapovu yanavyotoka, hadi themostati ifunguke na hita itoe moto mfululizo. Mapovu yanayotoka kwa mdundo sawasawa na hayaishi baada ya nusu saa si hewa ya kujazia. Rudi kwa Mzee wa Hedi.

Funga kifuniko, endesha dakika 20, lilale usiku kucha. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua uangalie kiwango. Kupungua kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Jaza, weka alama kwenye chupa ya akiba. Kikipungua tena siku ya pili na ya tatu, na chini hakuna tone, fungeni pampu ya kupimia mgandamizo, msukume hadi namba ya kifuniko injini ikiwa baridi, mwache usiku mzima na plagi zikiwa zimetolewa. Asubuhi zungusheni injini mtazame tundu lipi linarusha maji.