Babu wa Rumonge, mwaka 1972: je, nimwulize bibi tena?

Mjukuu wa Ulyankulu
Ndugu zangu, familia yetu ni miongoni mwa zile zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na kupewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Tabora. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba babu, aliyekuwa mwalimu karibu na Rumonge, alikufa kwa homa kabla ya safari. Mwaka jana, msibani, mzee mmoja wa ukoo alisema kwamba babu hakuugua kamwe: wanajeshi walimchukua kwa lori, na siku chache kabla yake alionekana pamoja na watu walioushambulia mji tarehe 29 Aprili. Bibi alimkatiza kwa ukali, na tangu hapo nikimwuliza ananiambia niende nikapalilie. Kama babu aliuawa bila kosa, ningejua namna ya kumlilia; kinachoninyima usingizi ni hilo la pili. Je, nina haki ya kuendelea kumwuliza?

Mwalimu Mstaafu, Kigoma
Mwanangu, mzee wenu amefunga pamoja mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Mashambulizi ya waasi wa Kihutu huko Rumonge na Nyanza-Lac yalitokea kweli, na raia wa Kitutsi waliuawa humo. Lakini kisasi cha serikali ya Rais Micombero, iliyotawaliwa na Watutsi, hakikuishia kwa washambuliaji. Kiliwafuata walimu, wanafunzi, makarani na wanajeshi wa Kihutu nchi nzima, hata mahali ambapo hapakusikika risasi, na waliouawa hukadiriwa kuwa laki moja au zaidi. Kuwa mwalimu Mhutu kulitosha. Aliyechukuliwa aliitwa mumenja, yaani msaliti, na mkewe hakuthubutu kumwombolezea hadharani. Homa ndiyo sababu pekee ya kifo ambayo bibi yako angeweza kuitaja mbele ya watu. Hata huku Tanzania alikuwa na sababu ya kunyamaza: Palipehutu, chama cha Wahutu wa Burundi kilichokuja kushika silaha, kilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya Mishamo, na mama asiyetaka wanawe waingie msituni hakuwa na haja ya kuwapa baba wa kulipiziwa kisasi.

Binti wa Bujumbura
Nimesita kujibu, kwa sababu babu yangu mzaa mama aliuawa Rumonge siku hiyohiyo, na waliomuua ndio hao unaowahofia. Kwetu jina lake lilitajwa kila mwaka, ila hakuna aliyethubutu kuuliza ni majirani gani waliochukuliwa baadaye, wala nani aliwataja. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, Karuzi, mwaka 2020, ilikuta mabaki ya maelfu ya watu, na mwaka uliofuata ikatamka kwamba Wahutu walifanyiwa mauaji ya kimbari. Siyapingi hayo. Hata hivyo mama aliuliza baba yake amewekwa kwenye hesabu gani, nami sikuwa na jibu. Sikudai radhi, kaka. Naomba tu usichague mapema lile jibu litakalokupa usingizi.

Mkusanya Simulizi
Usimwulize tena babu alikufaje. Mwulize nyumba yao ilielekea wapi, nani aliwasimamia harusi, shuleni walifundisha nini, walivuka mpaka wakiwa na nani. Wazee niliokaa nao hufika wenyewe kwenye jambo lenyewe, pengine baada ya miezi. Wengine hawafiki, na hapo huna budi kukubali. Usiwashe kinasa sauti cha simu bila ruhusa. Tena kuna jambo moja vijana hulisahau: Rumonge ni nchi ya michikichi, na familia nyingi zilizorudi zilikuta mashamba yao yana wenyewe wapya. Mzee akiulizwa habari za kule na mjukuu, jambo la kwanza analolifikiria ni kesi ya ardhi. Mwambie wazi kwamba si hilo unalolitafuta.

Mjukuu wa Ulyankulu
Nawashukuru nyote, na pole sana, dada. Hilo la ardhi sikuwa nimeliwaza. Mjomba amekuwa akifuatilia shamba la kule tangu familia ilipopata uraia wa Tanzania, na bibi alimkataza. Huenda anadhani nimetumwa naye.