Jamestown na wanafunzi 38 kwa siku mbili: tuanzie wapi?

MwlHistoria
Habari zenu wadau. Tuna wanafunzi 38 wa miaka 13 na 14, basi moja kutoka Richmond, siku mbili mwishoni mwa Aprili. Kiini cha somo ni Virginia ya 1607 hadi 1620 hivi. Kuna sehemu mbili zinazobeba jina la Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko Amerika. Tuchague moja au zote? Tunataka pia habari ya Waafrika wa 1619 ipewe nafasi yake, isisukumwe kwenye dakika tano za mwisho. Na kabla ya safari tufanye kazi gani shuleni ili wasiende kutazama nyasi tu?

Boma1607
Mwalimu, nendeni zote mbili, siku ya kwanza.

Historic Jamestowne ndiyo ardhi yenyewe, kisiwani, walikoshuka walowezi 104 Mei 1607. Jamestown Settlement ni makumbusho ya jimbo la Virginia, umbali mfupi kwa basi, yenye ngome iliyojengwa upya na nakala za meli tatu: Susan Constant, Godspeed na Discovery. Tiketi zake ni tofauti na nafasi zinawekwa kwa ofisi tofauti. Kosa linalojirudia ni dereva kuandika "Jamestown" tu kwenye ramani ya simu, basi likaishia upande ambao hamkuweka nafasi saa hiyo. Mpeni anwani ya kila lango kwa maandishi. Barabara ya Colonial Parkway haina kituo cha mafuta, kwa hiyo ajaze tangi kabla.

Kisiwani kiingilio kina sehemu mbili, kwa sababu eneo linaendeshwa kwa pamoja na Huduma ya Hifadhi za Taifa na taasisi ya Preservation Virginia. Vikundi vya shule vinaweza kuomba msamaha wa ada ya hifadhi, lakini uombwe mapema, na usihesabiwe kuwa umefuta sehemu ya pili.

Nashauri muanze kisiwani asubuhi. Kwa muda mrefu wengi waliamini ngome ya 1607 imeshaliwa na mto James. Uchimbaji ulioanza 1994 chini ya William Kelso ulionyesha kwamba sehemu kubwa bado ipo. Magogo yalishaoza, ila pale kila gogo liliposimama udongo umebaki na doa jeusi, na mstari wa madoa hayo ndio ukuta. Miti inayoonekana leo imesimikwa upya kufuata mstari huo. Msipowaeleza mapema watarudi na picha za miti mipya wakidhani ni ya 1607.

Wapeni karatasi yenye safu tatu: cha asili, kilichojengwa upya mahali pake, nakala iliyo mahali pengine. Kanisa ndilo mtihani mzuri kuliko yote: mnara wa matofali ni wa karne ya 17, jengo lililoshikamana nao ni la 1907, na ndani yake, chini ya kioo sakafuni, kuna msingi wa kanisa la 1617, ambamo baraza la kwanza la wawakilishi lilikutana tarehe 30 Julai 1619. Mwanafunzi akiweza kutenganisha hayo matatu, safari imelipa.

KambaNaTepu
Kwa umri huo ningegeuza mpangilio: meli kwanza, kisiwa baadaye. Mtoto aliyesimama ndani ya Discovery, iliyobeba watu 21 kutoka London Desemba 1606 hadi Virginia Aprili 1607, anafika kisiwani akiwa na maswali tayari. Asiyeona meli huona uwanja mtupu.

Kazi ya kabla ya safari: choreni ngome, ambayo ilikuwa ya pembetatu, uwanjani. William Strachey, mwandishi aliyeishi Jamestown wakati huo, aliandika kwamba upande wa mtoni ulikuwa yadi 140 na pande nyingine mbili yadi 100 kila moja. Punguzeni kwa nusu: mita 64 kwa kitako, mita 46 kwa kila ubavu. Nyosheni kitako kwanza, kisha watoto wawili washike kamba za mita 46 kila mmoja kutoka ncha yake na watembee mpaka zikutane. Hapo ndipo pembe ya tatu. Msitumie kamba ya nailoni, inavutika na pembe inahama. Tumieni tepu au kamba ya katani.

Ngome kamili ilikuwa na ekari moja na kidogo. Ukipunguza vipimo kwa nusu, eneo linakuwa robo, kwa hiyo ingizeni wanafunzi 26, robo ya 104. Wale 12 waliobaki wapange kisima, ghala, kanisa na mizinga ya pembeni. Ubishi utakaozuka juu ya nafasi ndio somo lenyewe.

Ndongo1619
Kuhusu 1619, hiyo iwe siku yenu ya pili. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo meli White Lion ilifika Point Comfort, si Jamestown, na John Rolfe, mlowezi wa Virginia, akaandika kwenye barua kwamba ilileta Waafrika "ishirini na kitu". Walikuwa wametekwa Angola na kupakiwa kwenye meli ya Kireno, kisha wakachukuliwa kwa nguvu kutoka meli hiyo wakiwa baharini. Mahali hapo leo ni Fort Monroe, mjini Hampton. Angalizo: ngome ya mawe mtakayoiona pale ni ya karne ya 19, kwa hiyo kwenye safu zenu isiwekwe pamoja na 1619. Kinachohusika ni ufukwe na maji yaliyo mbele yake.

Kisiwani pia msipite bila kusimama eneo la Angela, mwanamke Mwafrika aliyeorodheshwa katika nyumba ya Kapteni William Pierce kwenye hesabu ya watu ya 1625. Ana jina, na ana mahali. Wanafunzi hukumbuka zaidi mtu mmoja kuliko idadi.

Na Wapowhatan, wenyeji wa eneo hilo kabla ya Waingereza, wasizungumziwe kwa wakati uliopita peke yake. Wapamunkey na Wamattaponi, makabila mawili kati yao, bado wana ardhi zao Virginia, na hadi leo humpelekea gavana ushuru kila mwaka kutokana na mkataba wa 1677.

MwlHistoria
Asanteni sana. Je, makumbusho ya Archaearium, yale ya vitu vilivyochimbwa kisiwani, yanafaa kwa umri huu?

Boma1607
Yanafaa, ila waandikieni wazazi kwanza. Yanaonyesha habari za msichana wa miaka kama 14 aliyefariki katika njaa ya 1609–1610, ambaye mabaki yake yana alama za kisu kwenye mifupa: waliokuwa hai walikula nyama yake. Msikwepe, ila elezeni na sababu. Vipimo vya pete za miti vimeonyesha ukame mkali kati ya 1606 na 1612, na walowezi waliokuwa wamezingirwa ngomeni na Wapowhatan hawakuweza kutoka kutafuta chakula.

Ndongo1619
Jambo moja la tarehe kabla hamjachapisha karatasi. Waingereza wakati huo walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo barua ya Rolfe inayoitwa ya Januari 1619 kwetu ni Januari 1620. Kila mara kuna mwanafunzi anayeuliza aliwezaje kueleza jambo la Agosti miezi saba kabla halijatokea. Andikeni miaka yote miwili, 1619/1620.