MREJESHO: Sofa ya nyumba mpya
Wakuu, niliwauliza ninunue sofa ya dukani au nichongeshe, maana tumehamia kwetu na watoto wanaruka mno. Nimechongesha kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam. Mliosema nikague fremu kabla haijavalishwa kitambaa, Mungu awabariki! Nilikuta mbao ya mguu wa nyuma bado mbichi, ukiigusa ina unyevu kabisa. Nikagoma. Fundi akabadilisha, akaweka mninga mkavu, viungo vyote gundi na skrubu. Sponji nilizikandamiza kwa goti: laini ilibaki na shimo, nzito ikarudi palepale. Nikachukua nzito, japo bei ilipanda. Kitambaa kachagua mama watoto, cha kahawia, kina zipu, kinavuliwa na kufuliwa. Wiki ya tatu sasa, sofa hailii hata kidogo ukiikalia. Asanteni sana.