Maporomoko ya maji ya Nyandarua: tuanzie wapi?

Swali: Assalam aleikum. Familia yetu ya Kisauni inakusudia kupanda bara mwezi wa Agosti kutazama maporomoko ya maji ya milima ya Nyandarua, nasi tunaye mama mzee asiyeweza kutembea sana. Tuanzie wapi?

Jibu la kwanza: Waaleikum salaam. Kwa ajili ya mama, nendeni Nyahururu, ambako mto Ewaso Narok huanguka mita 74 na mtu huyaona maji yote akiwa amesimama juu ukingoni, bila kuziteremka ngazi zenye utelezi hadi chini, ambako manyunyu huwarowesha vijana. Agosti huko ni baridi, na kanga peke yake haitamtosha, mchukulieni sweta.

Jibu la pili: Naafiki, ila Karuru, ndani ya Hifadhi ya Aberdare (jina jingine la milima hiyo ya Nyandarua), ndiyo makubwa hasa: maji hushuka mita 273 kwa vidato vitatu. Mvua ikinyesha, gari dogo halifai.

Jibu la tatu: Mkiona safari ni ndefu, Shimba Hills ipo Kwale, ng'ambo ya Likoni tu. Maporomoko ya Sheldrick yana mita 21, lakini huendewa kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori, na kurudi ni kupanda kilima. Mama itabidi awasubiri juu.