Usaili wa geresha hapa Lindi: nguo ya mhusika ilishonwa kabla hatujasailiwa

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za jioni. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Lindi mjini kinaandaa mchezo wa Vita vya Majimaji, wa kuonyeshwa Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Tumeutunga wenyewe. Mhusika mkuu wa kike ni mama wa Kimatumbi. Mumewe anaswagwa kwenda kulima pamba ya Wajerumani, shamba lao linaota magugu, watoto wana njaa, na siku watu wanapong'oa mipamba kule Nandete, Julai 1905, naye yumo. Ikatangazwa kwenye grupu: usaili uko wazi kwa wote, njooni mmekariri kurasa mbili.

Mimi nakaa Kitunda, ng'ambo. Kila mazoezi napanda pantoni, na ya mwisho ikinipita nalala kwa watu. Nauza samaki wa kukaanga. Wiki mbili nzima jiko nilimwachia mdogo wangu, nikakariri nafasi yote, siyo kurasa mbili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kipatimu, na habari za yale maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, alizipata kwa wakubwa wake. Nilisoma kwa sauti yake. Nilipomaliza, mzee wetu wa ngoma alikuwa anafuta macho.

Mwongozaji akasema: "Vizuri dada, ila lafudhi yako ya Kusini mno. Wageni wa serikali watakuwepo, tunataka Kiswahili kilichonyooka."

Jamani! Mama wa Umatumbi wa mwaka 1905 aongee kama mtangazaji wa redio? Mji huu ndiko alikozaliwa Ebrahim Hussein mwaka 1943, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile, mtu aliyewapandisha jukwaani watu wa Majimaji mpaka wakasomwa mashuleni. Leo Lindi kwenyewe tunaambiwa sauti zetu hazifai kuwaigiza babu zetu.

Hata hivyo nilinyamaza. Nikasema labda yupo aliyenizidi. Kushindwa kihalali nakujua, nimeshashindwa mara nyingi na sijawahi kufungua uzi.

Siku mbili baadaye napita kwa fundi anayetushonea, naona gauni la kaniki limetundikwa. Namuuliza la nani. Ananijibu bila kujua chochote: "La yule mama wa kwenye mchezo wenu. Vipimo waliniletea wiki moja kabla ya huo usaili." Nikaomba nilijaribu. Halikupita mabegani.

Nafasi amepewa mtoto wa dada yake mwongozaji, aliyekuja likizo kutoka Dar. Usaili hakuhudhuria. Mazoezi ya kwanza alisoma kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, na akauliza Nandete ni jina la nani. Binti simlaumu, hakujipa nafasi mwenyewe. Nawalaumu watu wazima watatu waliokaa mezani wakanitazama nalia machozi ya kweli, huku wanajua gauni limeshakatwa.

Na siko peke yangu. Kuna kijana wa bodaboda wa Ng'apa aliyeisoma nafasi ya mjumbe wa dawa vizuri kabisa. Naye kawekwa askari wa kusimama mlangoni, hana hata neno moja. Nafasi kapewa mdogo wa mweka hazina.

Tukihoji, jibu ni lile lile: "Hapa halipwi mtu, sote tunajitolea, mnagombania nini?" Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Penye malipo, hata aliyepewa nafasi ndogo huondoka na posho. Sisi malipo yetu ni ile nafasi, basi. Nauli yangu, samaki walioharibika, usiku wa kulala kwa watu, vyote nilivitoa ili niruhusiwe kushindana. Ukiigawa kwa undugunaizesheni, umechukua jasho langu kama vile umenidhulumu mshahara. Mnataka kumpa ndugu yenu? Mpeni, ila semeni mapema, msitukusanye watu kumi na wanne kwenye jua tukapamba uamuzi wenu.

Ninachotaka si kikubwa. Usaili urudiwe. Mezani akae angalau mmoja asiye wa kikundi, mwenye ndugu anayesailiwa atoke nje, alama zibandikwe ukutani tuzione. Aliyeshika nafasi ya pili naye akariri, awe akiba. Nimemwandikia mwenyekiti haya yote, kasoma, kanyamaza.

Wenye vikundi Mtwara, Masasi, Nachingwea, kwenu mnafanyaje? Kuna aliyewahi kudai usaili urudiwe akasikilizwa? Alipeleka wapi dai lake, kwa afisa utamaduni au kwenye mkutano wa wanachama?

Jumamosi saa tisa kuna mazoezi. Nimepangwa na akina mama wa nyuma, wa kupiga vigelegele, na nimeambiwa nije na chungu changu. Siendi, na chungu hakitoki Kitunda.