Usiku sikulala: ile plagi niliikaza au sikuikaza?

Mwanagenzi_Makole

Wakuu, heshima kwenu. Nina miezi 11 ya mafunzo kwa vitendo kwenye karakana ndogo ya ndege hapa Dodoma, uwanja wa zamani wa mjini. Ndege tunazohudumia zaidi ni Cessna 206 na Caravan. Nimekuja na jambo linaloniumiza, na nyumbani sina wa kumweleza akaelewa.

Jumanne 206 moja iliingia kwa ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Mimi nikapewa plagi, zile za kutoa cheche ndani ya silinda. Injini yake ni Continental ya silinda sita, kila silinda plagi mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo jumla 12. Nilizitoa zote, nikazisafisha, nikapima mianya, zilizokuwa juu nikazipanga zirudi chini, na kila moja nikaivalisha washa mpya, ile pete ya shaba ya kuziba. Meno nikayapaka ile grisi ya kuzuia kuganda, nikiruka jino la kwanza kama nilivyofundishwa. Nazungusha kwa vidole mpaka washa iguse, kisha naweka toki, ile spana inayolia *tak* ukifika kipimo. Nilikuwa nimeiweka pauni-inchi 330.

Nilikuwa kwenye silinda namba tatu, plagi ya chini, upepo ukaanza. Mnaoishi Dodoma mnaujua ule wa saa nane mchana, unakuja na ukuta wa vumbi jekundu. Nikaitwa, "Dogo, njoo tuingize Caravan ndani!" Nikaenda. Tulisukuma, tukafunga milango, tukaziba midomo ya injini. Nikarudi, nikaokota toki, nikaendelea na namba nne.

Boneti likafungwa. Mkuu wangu akawasha injini, akajaribu magneto, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme, moja moja kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, zote zikawa sawa. Akasaini.

Saa nne usiku niko kitandani, nikaanza kuzihesabu zile tak kichwani. Ya pili naikumbuka. Ya nne naikumbuka. Ya tatu chini nakumbuka vidole vyangu tu vikiizungusha, halafu vumbi. Na ndege inaondoka saa 12 na nusu asubuhi, abiria wanne, kwenda Ruaha.

Sikupiga simu. Niliona haya kumwamsha mtu mzima kwa kitu nisichokuwa na hakika nacho. Saa 10 alfajiri nikapanda bodaboda, nikakaa na mlinzi getini mpaka mkuu alipofika. Nikamweleza. Hakusema neno. Akafungua boneti, akaweka toki namba tatu chini. *Tak.* Ilikuwa imekazwa.

Ndege ilichelewa dakika 40. Rubani hakuitikia salamu yangu siku nzima.

Naomba kujua, wenzangu mnaishije na shaka ya namna hii? Na ingekuwa ninyi, mngepiga simu usiku ule? Nahofia mkuu ataanza kusita kunisainia kazi, na bila kazi zilizosainiwa leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga nitaisikia kwa wenzangu tu.

Fundi_wa_Msalato

Mdogo wangu, simu unapiga. Saa nne, saa nane usiku, unapiga. Ungepata ajali na hiyo bodaboda, nani angewaambia?

Nikufahamishe jambo ambalo huenda hukuambiwa. Jaribio la magneto lisikutulize kuhusu plagi kulegea. Plagi iliyokazwa kwa vidole inatoa cheche vizuri kabisa, kwa hiyo mizunguko haishuki. Shida inakuja baadaye: moto unapenya pembeni ya washa, kichwa cha silinda ni aluminiamu, meno yanaungua, mtikisiko unaifungua kidogo kidogo. Rubani anakuja kujua yuko juu ya pori.

Kwenye kazi yangu, nikiitwa katikati siachi kitu kinachofanana na kilichokwisha. Plagi ninayoifanyia kazi naiacha na waya wake unaning'inia, mpita njia yeyote aone. Nikirudi, narudi nyuma hatua tatu, hata kama nina hakika. Na kila nikisikia tak, natia alama ya rangi palepale, kabla mkono haujaenda kwingine.

Mstaafu_Kizota

Mwanangu, pole na hongera. Nimeifanya kazi hii mpaka macho yakachoka, na usiku kama huo nimeupata mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege aina ya BAC One-Eleven iliruka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga. Ikiwa bado inapanda, kioo cha mbele cha rubani kiling'oka. Rubani akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akaishusha ndege Southampton. Aliishi. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 hivi kabla ya safari hiyo. Boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa sababu fundi alilinganisha mpya na za zamani kwa macho, hakufungua kitabu asome namba.

Fundi yule hakuwa mgeni wa kazi. Na hakuwa na shaka hata chembe. Alimaliza zamu akijua amefanya vizuri. Wewe shaka ilikuamsha. Mkuu wako alifungua boneti bila kukugombeza. Mimi kwa mtu aliyefanya hivyo sioni dalili ya kukuchoka. Nenda kamuulize mwenyewe, usikae unamsoma uso.

Rubani mwache. Dakika 40 zitamtoka.

Dada_wa_Vyombo

Nakubaliana na waliotangulia, naongeza moja tu. Kadi yenu ya kazi imeandikwaje? Nadhani kuna mstari mmoja, "plagi 12 zimerudishwa," unatia tiki mwishoni. Huo mstari ndio uliokunyima usingizi. Chukua karatasi yako, chora safu 12, juu na chini, tia tiki kila moja baada ya tak. Saa nne usiku hutahitaji kukumbuka, utakuwa umeandika.

Mwanagenzi_Makole

Asanteni sana wakuu. Mzee wangu wa Kizota, nilimuuliza. Alikuwa ananawa mikono, akasema, "Namba yangu unayo. Siku nyingine ipige." Halafu akaniambia nilete logibuku, daftari langu la kazi za mafunzo, akaisaini ile kazi ya Jumanne.

Dada, kadi ilikuwa hivyo hivyo, mstari mmoja. Nimechora safu zangu nyuma yake.

Jana nimepewa plagi za 206 nyingine. Saa nane upepo ukaja, nikaitwa kusukuma. Nilikuwa silinda namba tano, juu. Nikachomoa waya, nikauacha unaning'inia, nikaenda.