Sanji wa pipi au Sanji wa sigara, dogo nimwekee ipi?

mwaloni_kirumba
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana tangu juzi hapa nyumbani hakukaliki. Nina mpwa wangu ana miaka 9, nakaa nae hapa Kirumba sababu dada yuko Nansio kikazi, na huyu dogo One Piece, ile katuni ya Kijapani ya maharamia, ndo chakula chake. Mwaka jana nilimchukulia sehemu za mwanzo kwa jamaa mmoja anayejaza muvi kwenye flashi, zilikuwa za Kiingereza, Sanji yule mpishi wa meli muda wote ana pipi ya kijiti mdomoni, dogo akampenda mpaka na yeye akawa hakorogi uji bila pipi. Juzi nikapata za Kijapani zenye sabutaito, tumekaa tunaangalia, Sanji anatokea anavuta sigara. Dogo kanyamaza weee, akanigeukia akasema "mjomba, kumbe walinidanganya."

Sigara yenyewe hainisumbui sana. Kinachoniuma ni kwamba sasa kila sini anauliza "na hii ni ya kweli au wamebadilisha?" Kwani walibadilisha kwa nini, na mtoto wa umri huu nimwachie ipi?

flashi_igoma
Mkuu hiyo ya pipi naijua vizuri, hata mimi nilishawahi kuwajazia watu bila kujua. Ni ya kampuni ya Marekani inaitwa 4Kids, walianza kuionyesha Septemba 2004 kwenye vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi. Kule muda ule wa asubuhi wenye TV na wenye matangazo hawataki kuona sigara, pombe, damu wala bunduki inayofanana na bunduki, kwahiyo wakakaa wakafuta, sigara ikawa pipi, bunduki nyingine zikachorwa upya zikawa kama za kuchezea. Sehemu 143 za Kijapani zikabanwa zikabaki 104.

Sasa ubaya ulipo, kuna kisa cha nyangumi anaitwa Laboon walikiruka chote, alipotakiwa kuwepo nyangumi wakaweka mlima wa barafu. Yule nyangumi kasubiri wenzake miaka 50 na mbele huko anakuja mtu ambaye habari yake yote inamhusu yeye, sisemi zaidi nisimharibie dogo. Ukishamtoa nyangumi yule mtu anakuja analia na wewe hujui analilia nini. Mwaka 2007 kampuni nyingine ikachukua kazi ikaanza kuitengeneza upya bila pipi. Mpe hiyo ya Kijapani.

Mama_Nyakato
Habari zenu wanangu. Mimi nitasema tofauti kidogo, msinichukie. Sio kila kilichokatwa kimekatwa kwa ubaya. Mwanangu wa pili ana kifafa, daktari alinambia taa za kumweka mweka nimwepushe nazo, basi nikaanza kufuatilia hizi katuni moja moja kabla hajaziangalia. Tarehe 16 Desemba 1997 Japani walionyesha sehemu moja ya Pokémon jioni watoto wako nyumbani, kuna mahali Pikachu, yule kiumbe wa njano, anapiga umeme, skrini ikawa inamweka nyekundu na bluu haraka haraka, watoto wakaanguka. Waliopelekwa hospitali ni kama 685. Kipindi kikasimama mpaka Aprili 1998 na ile sehemu haijarudiwa tena. Baada ya pale vituo vya Japani vikajiwekea utaratibu, mwanga wa namna ile unapunguzwa kabla ya kurushwa, na mpaka leo ukiangalia katuni mpya utaona mahali pa mapigano mwanga unafifia ghafla, watu wanalalamika picha imeharibiwa. Mimi silalamiki. Wakati mwingine huwa naangalia ule mwanga uliofifia nasema asanteni.

Na kwa sigara mdogo wangu, miaka 9 ni mdogo, anaiga. Si umesema mwenyewe alianza kumumunya pipi sababu ya Sanji? Sasa fikiria angeanza na ile nyingine.

nyegezi_stendi
Mama shikamoo. La mwanga nakubali asilimia zote, ile ni afya. Ila kuna lingine limenikaa rohoni miaka mingi acha nilitoe hapa.

Dragon Ball Z, katuni nyingine ya Kijapani ya mapigano, niliangalia kibanda umiza Mabatini, benchi za mbao, tumebanana kama dagaa, ile ya Kiingereza ya zamani ya mwaka 1996 ambayo sehemu 67 za kwanza walizikata zikawa 53. Mle hakuna mtu anakufa, mtu akiuawa wanasema kapelekwa dimensheni nyingine, yaani ulimwengu mwingine. Yule adui Nappa anafumua mji mzima na majengo yake halafu anasikitika kwamba leo ni Jumapili, ingekuwa kesho yale majengo yangejaa watu. Sisi watoto tukaamini kabisa, hamna aliyekufa.

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikazama pale Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Mume wa jirani yetu alikuwemo. Mdogo wangu alikuwa na miaka 8, ananiuliza kaenda wapi, atarudi lini, na mimi kichwani najiona nipo pale kibandani naambiwa kapelekwa dimensheni nyingine. Nikamwambia amekufa, hatarudi, tukalia wote wawili. Mtoto wa kanda hii ya ziwa anakijua kifo mapema, anamjua mvuvi aliyetoka usiku hakurudi. Usimletee hadithi ambayo mtu kafa halafu umwambie yupo mahali. Kata damu sawa, sipingi, punguza kama inatisha, lakini usimtoe kifo ukabakisha majonzi, maana yale majonzi yanakuwa hayana mwenyewe. Goku, shujaa wa Dragon Ball, anavyolia rafiki yake Krilin anapokufa, bila kile kifo analilia nini?

buzuruga_manga
Pole sana kaka. Umeongea kitu.

Naongezea moja ambayo wengi hawaijui. Hata Wajapani wenyewe wanabadilisha. Huyu Zeff mpishi aliyemlea Sanji, walikwama kwenye jiwe katikati ya bahari siku 85. Kwenye manga, kile kitabu cha picha chenye hadithi yenyewe, chakula chote alimpa mtoto na yeye akala mguu wake mwenyewe. Kwenye TV ya Japani hawakuonyesha hivyo, mguu aliupoteza majini wakati anamwokoa Sanji asizame. Sasa linganisha na pipi. Wamebadilisha tukio, ndiyo, ila mzee bado katoa mguu kwa ajili ya mtoto, mzigo wa hadithi haujaanguka. Na sigara ya Sanji waliiacha ilivyo japo One Piece kuanzia 2006 kwa miaka mingi ilikuwa inarushwa Jumapili asubuhi kule, watoto wanaangalia na wazazi wao pembeni.

Kinachoniudhi mimi ni pale wanapomwona mtoto hana akili. Kwenye Pokémon ya Kiingereza kijana mmoja anaitwa Brock kashika tonge la wali la Kijapani, jeupe, limezungushiwa mwani, anasema ni donati. Mtoto wa Mwanza anajua wali ukoje! Angeambiwa ni tonge la wali la Japani angejifunza kitu.

Mama_Nyakato
Marahaba mwanangu wa Nyegezi, na pole. Hilo la kifo nimelielewa, sikuwahi kulitazama hivyo. La sigara bado nabaki pale pale, ila mjomba mtu akikaa naye akaongea naye naona haina neno. Usimwachie laptopu peke yake tu.

mwaloni_kirumba
Asanteni sana wote, nimesoma kila neno, nyegezi_stendi pole sana kaka yangu.

Jana usiku nilikaa na dogo nikamweleza yote, kwamba pipi waliichora watu wa Marekani wakihofia watoto wataiga, kwamba Sanji ni wa kutungwa ila sigara ni ya kweli na ndiyo ilimuua babu yake yeye dogo kwa mapafu. Alimjua babu, akanyamaza. Nikamwambia na habari ya mguu wa Zeff, ile ya kwenye TV na ile ya kwenye kitabu. Akafikiria akasema "mjomba, zote mbili alimpenda." Baadae akauliza kama siku 85 mtu anaweza kuishi kwa kula samaki wabichi, nikamwambia wale hawakuwa hata na ndoano.

Mama, mwanga wa skrini nimepunguza na tunakaa mbali kidogo. Sabutaito bado zinampita haraka kwahiyo nasimamisha namsomea kwa Kiswahili, sehemu moja inachukua kama saa nzima. Flashi_igoma, hiyo ya Laboon unayo yenye maandishi makubwa? Kesho nashuka Igoma, nakuja na flashi.